Plagini ya kraki ndani ya AutoCAD: yaliyonikuta

Nianze kwa kuipa haki yake: kazi ilikuwa inafanya. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Dar es Salaam kwa AutoCAD, programu ya kuchorea, na kinachonila muda si kuta, ni majedwali ya milango na madirisha. Plagini hii, yaani nyongeza ya kuipa programu uwezo zaidi, inasoma bloku zote (vipande vilivyochorwa kama kitu kimoja, mfano mlango) kwenye mchoro na kukutolea jedwali zima ndani ya sekunde chache. AutoCAD yenyewe nalipia, basi plagini nayo kuilipia kwa dola nikaona uzito. Kijana mmoja akaniuzia ya kraki, iliyovunjwa ulinzi wa leseni, kwenye fulashi kwa shilingi 15,000, na nyongeza nyingine tatu juu, kama nyanya za sokoni.

Maelekezo yalikuwa mistari miwili: zima antivairasi, kisha andika SECURELOAD uweke 0. Hapo ningeshtuka. SECURELOAD ipo tangu toleo la 2014, na kazi yake ni kukuuliza kabla ya kuendesha programu iliyotoka folda isiyoaminika. Mimi nikaweka 0, nikaendelea na chai yangu.

Wiki ya tatu EXPLODE, amri ya kuvunja bloku, ikagoma. Nachagua bloku, nabonyeza Enter, haivunjiki. Nikatazama mstari wa amri kule chini: badala ya “Select objects” pameandikwa “Seltct objects”. Nikasoma tena. Ni ileile, Seltct. Mtu alikuwa ameing'oa amri ya AutoCAD akapachika ya kwake, na tahajia hata hakuihakiki!

Kwenye folda ya mradi nikakuta faili ya acad.lsp ambayo sikuiweka mimi. Folda ya pili, ipo. Kila folda niliyofungulia kazi tangu siku ya fulashi, ipo. AutoCAD ikiwaka huitafuta faili yenye jina hilo na kuitekeleza, na mipangilio ikiruhusu huitafuta hata pale ulipo mchoro unaoufungua. Kirusi kinasafiri hivyo, na kampuni ya ESET ilieleza mwaka 2012 jinsi kingine cha ukoo huu, Medre, kilivyokuwa kikituma michoro ya watu, wengi wao wa Peru, kwenda anwani za barua pepe za China. Changu nadhani hakikuiba kitu. Nadhani tu.

Kilichoniuma ni injinia wangu wa nondo. Huwa namtumia folda nzima ndani ya zipu ili michoro iliyounganishwa isipotee. Akanipigia.

“Mdogo wangu, umeniletea nini huku? Kompyuta tatu hazivunji bloku.”

“Shikamoo, injinia. Naomba nije mwenyewe.”

Nilienda na Jumamosi yote ikaishia ofisini kwake, tukitafuta acad.lsp na kufuta moja baada ya nyingine. Laptopu yangu niliifuta yote nikaanza upya, SECURELOAD ikarudi 1. Sasa nachukua nyongeza za Autodesk App Store, au faili ya msimbo ya .lsp ambayo naweza kuifungua kwa Notepad nikaisoma. Za .vlx na .fas zimefungwa, huoni kilichomo, kwa hiyo kama simjui aliyeziandika sizigusi.

Na lile jedwali? AutoCAD kamili ina amri ya DATAEXTRACTION, inatoa data za bloku na kuzipanga kwenye jedwali. Ilikuwemo siku zote. Kuizoea kulinichukua jioni moja.

Injinia bado ananipa kazi, ila zipu hapokei tena. Anataka faili za michoro, DWG, mojamoja.