Uchambuzi: Huduma Adimu za Utamaduni wa Kijapani kwa Wasafiri, na Kile Unacholipia Hasa

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo haiwezi kuwekwa mezani mbele ya kamera: ni zile huduma za utamaduni wa jadi wa Kijapani zinazouzwa kwa wasafiri kama fursa adimu, yaani chai ya heshima katika chumba cha faragha, karamu ya jioni pamoja na maiko, yaani wasichana wa Kyoto wanaojifunza sanaa ya kuburudisha wageni, na malazi katika hekalu la Kibuddha juu ya mlima Koya. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, idadi ambayo haikuwa imefikiwa mwaka wowote uliotangulia, na kwa kuwa thamani ya yeni ilikuwa imeshuka sana, wengi wao walikuwa na fedha za kutosha kutafuta kitu kinachozidi kupiga picha langoni mwa hekalu. Soko likaitikia. Leo hoteli nyingi kubwa za Kyoto na mawakala wengi wa safari wana orodha ya huduma za namna hii, na bei zake zinatofautiana mno hata msomaji wa orodha anashindwa kujua tofauti hiyo inatokana na nini.

Nautaja msimamo wangu mapema ili mnisikilize mkiujua. Faragha, mavazi na picha ni vitu rahisi kuandaliwa, na ndivyo vinavyotozwa ghali. Kinachostahili fedha yako ni muda wa mtu aliyeitumikia sanaa yake kwa miaka mingi, na akikosekana mtu huyo, hakuna bustani wala chumba kizuri kitakachoziba pengo lake.

Tuanze na chai. Chanoyu, yaani sanaa ya kuandaa na kunywa chai kwa heshima, ilipata sura tunayoijua mikononi mwa Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa wafanyabiashara wa Sakai, akawatumikia watawala wawili, Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi, kisha akafa mwaka 1591 baada ya Hideyoshi kumwamuru ajiue. Wazao wake ndio chimbuko la shule tatu zilizopo Kyoto mpaka leo: Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke. Chumba kinachohusishwa na Rikyu mwenyewe, kiitwacho Taian, kipo Yamazaki katika njia ya kwenda Osaka, na sehemu wanapokaa mwenyeji na mgeni ina ukubwa wa mikeka miwili tu ya tatami. Mlango wa mgeni katika vyumba vya aina hiyo ni mdogo kiasi kwamba kila mtu, awe bwana mkubwa au mfanyabiashara, huingia kwa magoti na kichwa kikiwa kimeinamishwa.

Hafla kamili ya chai huchukua takriban saa nne. Mkaa hupangwa mbele ya wageni, mlo hupakuliwa, chai nzito hunywewa kutoka bakuli moja linalopita kwa wote, na mwisho hutengenezwa chai nyepesi, kila mmoja na bakuli lake. Huduma inayouzwa kwa wasafiri karibu kila mara ni hiyo sehemu ya mwisho peke yake, kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Katika kundi la watu wengi utalipa yeni elfu chache. Ukitaka chumba chako peke yako, bei hupanda mara kadhaa. Sioni ubaya wa kuuza sehemu ndogo ya hafla, mradi mnunuzi aambiwe hivyo. Nimewahi kuketi katika nyumba moja iliyojaa wageni, tumevalishwa kimono za kukodi kwa haraka, na kijana aliyetuongoza akasoma maelezo yake kwenye kadi huku mwenzake akikoroga chai yote nyuma ya pazia. Kilichopungua pale hakikuwa faragha. Alipungua mwenyeji.

Sasa tazameni mwenyeji wa kweli anavyofanya. Anachukua kitambaa cha hariri kilichokuwa kwenye mkanda wake, anakikunja polepole, kisha anakipitisha juu ya chombo cha chai na juu ya kijiko cha mwanzi, ingawa vyote viwili vilikwisha kusafishwa kabla hujaingia. Usafishaji huo unafanywa kwa ajili ya macho yako, ili ujue umeandaliwa. Unakula kitu kitamu kwanza, kwa sababu matcha, yaani chai ya kijani ya unga, ni chungu na utamu huo ndio unaoutayarisha ulimi. Maji ya moto yanapomiminwa kutoka kwenye kata ya mwanzi sauti yake ni nzito kuliko ya maji baridi, na katika chumba kilichotulia utaisikia tofauti hiyo waziwazi. Bakuli linawekwa mbele yako upande wake mzuri ukiwa umekuelekea, nawe unaligeuza kidogo ili midomo yako isiguse upande huo, halafu funda la mwisho unalivuta kwa sauti ili mwenyeji ajue umemaliza. Mwalimu wa kweli hukueleza sababu ya kila jambo pale unapouliza, na swali lako humfurahisha. Vueni pete na saa kabla ya kuingia, kwa kuwa mabakuli mengine ni ya miaka mingi na yanachunika, na vaeni soksi nyeupe safi.

Wako wanaodhani kwamba chochote kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni wa kigeni ni cha bandia. Sikubaliani nao, na ushahidi ni wa Kyoto yenyewe. Mwaka 1872, mji ulipokuwa umepoteza hadhi ya makao ya mfalme na uchumi wake kuyumba, yalifanyika maonyesho makubwa yaliyowakaribisha wageni kutoka nje. Katika maonyesho hayo mkuu wa shule ya Urasenke alibuni namna ya kuandaa chai kwa kutumia meza na viti, kwa kuwa wageni hawakuweza kukaa kwa magoti. Namna hiyo ingali inafundishwa na Wajapani wenyewe wanaitumia. Kwa hiyo mzee wako asiyeweza kupiga magoti aombe kiti bila aibu yoyote; hatapewa chai ya daraja la pili.

Katika mwaka huohuo na kwa sababu hiyohiyo ilianzishwa Miyako Odori, ngoma za hadhara za maiko na geiko, yaani maiko waliohitimu, wa mtaa wa Gion Kobu, zinazochezwa kila Aprili. Nimezitaja kwa makusudi, kwa maana huduma inayofuata ndiyo ghali kuliko zote na ni vyema mjue mapema kwamba ipo njia nafuu.

Kyoto ina mitaa mitano ya geiko: Gion Kobu, Gion Higashi, Miyagawacho, Pontocho na Kamishichiken. Maiko ni msichana anayejifunza, na mafunzo yake huchukua takriban miaka mitano. Geiko ni yule aliyehitimu. Karamu hufanyika katika nyumba ziitwazo ochaya, na kwa desturi nyumba hizo hazimpokei mtu asiyeletwa na mteja wanayemfahamu. Mwenye nyumba haulizi fedha usiku ule. Chakula kinaagizwa kutoka kwa wapishi wa nje, gharama zote zinaandikwa, na hesabu inatumwa baadaye. Atamdai nani, basi, ikiwa hakujui? Aliyekuleta ndiye dhamana ya deni lako na ya adabu yako, kama vile mshenga anavyobeba jina la upande uliomtuma. Siku hizi kazi hiyo ya udhamini hufanywa na baadhi ya hoteli na mawakala, na sehemu kubwa ya bei unayotajiwa, ambayo kwa kawaida ni makumi ya maelfu ya yeni kwa kila mtu, inatokana na jambo hilo.

Je, inastahili? Ndiyo, ikiwa mambo mawili yamo ndani ya bei. La kwanza ni mpiga shamisen, ala ya nyuzi tatu. Huyu kwa kawaida ni geiko mwenye umri mkubwa, anayepiga na kuimba huku maiko akicheza, na uelewano wa hao wawili ndio roho ya karamu. Vifurushi vya bei ya chini humwondoa na kuweka muziki uliorekodiwa. Maiko atacheza vilevile kwa adabu, lakini nusu ya sanaa itakuwa haimo chumbani, nami sioni sababu ya kutoa fedha nyingi kwa nusu iliyobaki. La pili ni mkalimani anayejua kazi yake, kwa sababu mazungumzo ni sehemu ya ufundi wao. Bila yeye utatabasamu tu mpaka muda uishe.

Muda mwingine huenda kwenye michezo. Upo mmoja unaoitwa Konpira fune fune: wawili mnaketi mkitazamana, kati yenu pamewekwa kikombe kilichopinduliwa au kitu kidogo mfano wake, na wimbo unaimbwa. Kikiwepo unakigusa kwa kiganja kilichofunguka, mwenzako akikiondoa unashusha ngumi mahali pake, na shamisen inaongeza kasi kila mzunguko mpaka mmoja akosee. Aliyeshindwa hunywa. Kwa Waislamu na wote wasiotumia kileo, semeni wakati wa kuweka nafasi, nanyi mtaletewa chai au kinywaji cha matunda, na mchezo hautapoteza ladha yake.

Jihadharini pia na picha za matangazo. Kuna studio nyingi zinazowavalisha watalii wenyewe mavazi ya maiko, na baadhi ya picha hizo hutumika kana kwamba ni za maiko halisi. Maiko husukwa nywele zake mwenyewe, ilhali geiko huvaa nywele za bandia. Maiko wa mwaka wa kwanza hupakwa rangi mdomo wa chini tu. Mapambo ya kichwani hubadilishwa kila mwezi kufuata maua ya msimu, na mkanda wake huning'inia mgongoni karibu kufika vifundoni. Nawasihi vilevile msiwafukuzie barabarani. Wasichana wale wanakuwa njiani kwenda kazini, na mwaka 2024 wakazi wa Gion walifikia hatua ya kufunga vichochoro vyao vya binafsi kwa watalii na kutangaza faini ya yeni 10,000. Ninaliona jambo hilo kuwa la haki kabisa.

Asiyemudu karamu aende Aprili kwenye Miyako Odori, au Mei kwenye Kamogawa Odori ya Pontocho. Kwa yeni elfu kadhaa utaona wachezaji wengi zaidi jukwaani pamoja na muziki unaopigwa papo hapo, na zipo tiketi zinazojumlisha chai inayoandaliwa na geiko. Kwa maoni yangu hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika mji huo.

Nje ya Kyoto, huduma ninayoipenda kuliko zote ni malazi ya hekaluni katika mlima Koya, mkoani Wakayama. Mtawa Kukai, anayeheshimiwa kwa jina la Kobo Daishi, alipewa mlima huo na mfalme mwaka 816 ili ajenge makao ya mafunzo ya Shingon, dhehebu la Kibuddha. Leo mahekalu zaidi ya 50 hupokea wageni. Unapanda treni kutoka Osaka, kisha gari la kamba linaloparamia mteremko mkali. Chakula cha jioni huja mapema, hakina nyama wala samaki, na ndani yake hupatikana tofu iliyokaushwa kwa baridi, iliyopewa jina la mlima wenyewe. Hata hivyo, ulizeni kuhusu sake na mirin, vileo vya mchele vinavyotumika kuunga vyakula vingi vya Kijapani hata mahali pasipo nyama. Alfajiri kuna ibada, na mgeni anaruhusiwa kuketi. Ambaye imani yake haimruhusu kushiriki aeleze mapema; mahekalu mengi hayamlazimishi mtu.

Hapa ndipo mtaona kwa nini nimesema faragha si kitu. Vyumba vyenye bafu lake na bustani yake vinauzwa kwa bei kubwa kuliko vile vya kawaida vinavyotumia bafu la pamoja, lakini ibada ni ileile, watawa ni walewale, na njia ya Okunoin, eneo takatifu la mlima huo lenye makaburi zaidi ya 200,000 chini ya mierezi mirefu, haimuulizi mtu alilala chumba gani. Chukueni chumba cha kawaida. Fedha inayobaki ilipieni usiku wa pili, kwa sababu wengi hufika jioni na kuondoka asubuhi bila kuuona mlima wenyewe. Wakati wa baridi bebeni nguo nzito, kwani theluji huanguka na mbao za zamani hazizuii upepo.

Mazoezi ya alfajiri ya wanamieleka wa sumo mjini Tokyo nayapendekeza kwa yeyote anayeweza kukaa kimya kwa saa mbili bila kuelekeza nyayo zake kwenye uwanja. Maonyesho ya mikahawani yanayoendeshwa na wanamieleka wastaafu ni burudani nzuri kwa watoto, ila ni kitu tofauti, na yasiuzwe kwa bei ya kile cha kwanza.

Kabla ya kulipa, mwandikieni wakala na kumwuliza ni nani hasa atakayewapokea, amejifunza kwa nani, muda ni kiasi gani, na muziki utapigwa na mtu au na mashine. Wakala mzuri hujibu yote bila kuzungukazunguka. Mwisho ni suala la fedha yenyewe. Mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya anahitaji viza ya Japani, na karamu za ochaya pamoja na baadhi ya mahekalu hazirudishi fedha mgeni anapoghairi siku za mwisho, kwa kuwa wapishi wamekwisha kuagizwa na maiko amekwisha kukataa mwaliko mwingine. Ombeni viza kwanza, na malipo makubwa yafuate itakapokuwa mkononi.