Mbegu ya kabichi ya Copenhagen Market: nzuri kwa bustani ya nyumbani, ila haingoji

Kwa mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba, Kampala, Mukono au Entebbe, hii ndiyo mbegu ya kabichi tunayoipendekeza kwanza kwa mvua za Machi. Si chotara, hivyo bei yake ni nafuu, na hukomaa siku 65 hadi 75 baada ya kupandikizwa. Kichwa ni cha mviringo, kilo moja na nusu hadi mbili na nusu. Familia inakimaliza kabla hakijanyauka.

Gramu moja ina mbegu kama 300, kwa hiyo pakiti ndogo inatosha. Iwe imefungwa kiwandani, na usome tarehe ya mwisho. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko ziache, hata bei ikivutia.

Udhaifu wake mkubwa ni uozo mweusi. Ugonjwa huu wa bakteria huweza kuja ndani ya mbegu yenyewe, kisha matone ya mvua huurusha kutoka jani hadi jani. Utaujua kwa doa la manjano lenye umbo la V ukingoni mwa jani, vishipa vikiwa vyeusi. Ili kuukinga, kabla ya kusia loweka mbegu katika maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25. Tumia kipimajoto, kwa maana joto likizidi mbegu hufa, likipungua bakteria hubaki. Zipoze kwa maji baridi, zianike kivulini, uzisie mara moja.

Kitalu kiwe tayari mwanzoni mwa Februari. Mvua zikishika, pandikiza miche yenye majani manne hadi sita, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, kila shimo viganja viwili vya samadi iliyooza. Palipokuwa na sukuma wiki au koliflawa paepuke kwa miaka miwili au zaidi. Ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni mamoja.

Udhaifu mwingine ni kupasuka. Jua likiwaka siku kadhaa kisha mvua kubwa ya Mei ikanyesha, mizizi hunywa maji kwa pupa na kichwa kilichokomaa hupasuka. Kibonyeze kila baada ya siku mbili; kikiwa kigumu, kata. Kama bado hukihitaji, kizungushe robo mzunguko mpaka baadhi ya mizizi ikatike, utapata siku chache zaidi. Ila dawa ya kweli ni kupandikiza miche kumi tu kila wiki mbili.

Anayelima ili auze sokoni atafute chotara inayostahimili uozo mweusi.