Kambi za likizo kwenye kampasi za Dodoma: ulizia saa za jioni kabla hujalipa

Likizo ya Juni ikikaribia, vipeperushi vya kambi za wanafunzi wa sekondari huanza kuzunguka kwenye magrupu ya wazazi hapa Dodoma, na siku hizi vinafika mpaka Manyoni, Singida na Kondoa. Ahadi ni zilezile: mtoto atalala kampasi, atatumia maabara ya chuo, atafundishwa na wahadhiri, atarudi na cheti. Hatutaji kambi yoyote kwa jina, kwa sababu waandaaji hubadilika mwaka hadi mwaka ilhali majengo, maji na ratiba ya chuo ni vilevile. Tunachopima ni huduma yenyewe, na hukumu yetu tunaiweka mapema: kambi ya bweni inalipa pale tu saa za baada ya vipindi zilipopangwa. Kama kazi inakwisha saa kumi jioni na watoto wanaachwa wapige soga hadi kulala, umenunua tuisheni ya bei mbaya yenye godoro.

Tuanze na kalenda, maana ndiko kambi nyingi zinakoharibikia. Kule Marekani, ambako kambi za aina hii ni biashara kubwa, vyuo na shule hufunga wakati mmoja. Kuanzia Juni hadi Agosti mabweni yako wazi na maabara zimelala, basi vyuo huvijaza na wanafunzi wa sekondari. Kwetu kalenda zinapishana. Shule zinafunga Juni na Desemba, lakini vyuo vikuu vingi huanza mwaka Oktoba au Novemba na kumaliza muhula wa pili Julai. Juni wenye chuo wapo, tena wanajiandaa na mitihani yao. Kambi inapewa kilichobaki: bloku moja ya hosteli, maabara ikishaachwa na wanachuo, na foleni ya kafteria baada yao.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwandaaji lisiwe ada. Muulize maabara ni yenu siku zipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Aliyejipanga atakutumia ratiba yenye majina ya vyumba. Akikujibu "hilo litaangaliwa mkishafika", jua hajapewa chumba, na mwanao atasoma vitendo vya kemia ubaoni.

Wanaofaidi zaidi, kwa maoni yetu, si wa Kidato cha Tatu ambao ndio wengi kambini. Ni waliomaliza Kidato cha Nne. Hao wanamaliza mtihani Novemba na Kidato cha Tano kinaanza Julai, miezi saba ya kukaa nyumbani. Katikati matokeo yanatoka, na TAMISEMI inafungua Selform, fomu ya mtandaoni ya machaguo, ili wanaotaka wabadili tahasusi. Mtoto aliyeshika bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia ujazo, kwa wiki mbili, au aliyekaa na kompyuta mpaka programu yake ikakubali kufanya kazi, ana sababu ya kuchagua PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, baiolojia) zaidi ya kufuata rafiki zake. Wa Kidato cha Sita wana JKT inayowasubiri, kwa hiyo mwandaaji anayewalenga mwezi Juni hajui kalenda ya wateja wake.

Maabara ndiyo bidhaa yenyewe, tukae hapo kidogo. Chukua zoezi la kawaida la kupima ni asidi kiasi gani inatosha kumaliza makali ya besi. Mwanafunzi mmoja anafanya jaribio la makadirio na mengine matatu ya kusoma, kila moja likimeza kama mililita 25 za asidi, yaani mililita 100. Wanafunzi 40 wanahitaji lita 4. Ongeza ya kusuuzia bureti, weka lita 5 za asidi na lita 5 za besi. Kwa myeyusho wa molari 0.1, lita 5 za asidi hidrokloriki zinatokana na mililita 42 hivi za asidi kali ya dukani, na lita 5 za besi zinahitaji gramu 20 za sodiamu hidroksaidi. Ndiyo, gramu 20. Mwandaaji akikuambia wanafunzi wamegawanywa makundi ya wanane kwa sababu kemikali ni ghali, usimkubalie. Kinachopungua ni bureti na stendi zake, na hilo linatibika kwa kugawa wanafunzi zamu mbili, asubuhi na mchana. Kundi la wawili kwa bureti moja linafaa: mmoja anafungua koki, mwenzake anazungusha chupa na kuangalia rangi, halafu wanabadilishana. Kuanzia wanne, mmoja anafanya na watatu wananakili majibu. Kosa jingine la kila kambi ni kutosuuza bureti kwa asidi yenyewe baada ya kuisuuza kwa maji. Maji yaliyobaki ndani yanapunguza makali ya asidi, usomaji unapanda, na watoto wanaambiwa "mmekosea hesabu" wakati hesabu zao ziko sawa.

Upande wa kompyuta, siku ya kwanza huliwa na kupakua programu. Watu 30 wakipakua kitu kilekile kwenye intaneti moja, hakimalizi kushuka. Kambi nzuri huwa imeshaweka Python, lugha ya kuandikia programu, na Thonny, kihariri chake cha wanaoanza, kwenye kila mashine wiki moja kabla, na nakala kwenye flashi mbili za akiba. Baada ya hapo intaneti ikikatika somo linaendelea, kwa kuwa Thonny haiihitaji. Umeme ni shughuli nyingine. Kompyuta za mezani zisizo na betri ya akiba zinazimika zote kwa pamoja, na asiyehifadhi kazi anaanza upya. Wawili kwa mashine moja si tatizo, mradi wabadilishane kila dakika 20 na mwalimu asimamie zamu hizo, la sivyo anayejua kuchapa ataishika kibodi hadi jioni. Na hapa kuna jambo ambalo vipeperushi havisemi: watoto wengi wa shule za kata hawajawahi kuchapa. Wakichanganywa na wa shule zenye kompyuta bila kupimwa siku ya kwanza, wa kwanza wanaona aibu na wa pili wanachoka kusubiri. Dakika 30 za jaribio dogo zinatosha kuwapanga.

Kuhusu "wahadhiri", usidanganyike wala usinung'unike. Mara nyingi mhadhiri anafungua kambi kwa hotuba, kisha kazi inafanywa na wanachuo wa mwaka wa tatu. Hilo si wizi. Mwanachuo mvumilivu aliyesahihishwa makosa yaleyale miaka mitatu iliyopita humsaidia mtoto kuliko profesa anayetoa mhadhara wa saa mbili. Shida inakuja pale mwanachuo huyo ana mtihani wake kesho yake asubuhi, na Juni hilo hutokea. Uliza kama kuna mbadala.

Kambi za kusolvu pepa za NECTA tu, ambazo ndizo nyingi, hatuzipendekezi. Pepa zinasolviwa popote, hata sebuleni. Za uongozi na ujasiriamali zinategemea kabisa ni nani anazungumza; nyingi ni makofi na picha.

Sasa jioni. Ratiba tunayoiamini inakwenda hivi: vipindi vinaisha saa tisa na nusu, michezo hadi saa kumi na moja na nusu, kuoga, chakula saa moja, halafu prepo, yaani kipindi cha kusoma usiku, yenye kazi maalumu kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu, taa kuzimwa saa nne na nusu. Neno muhimu hapo ni "kazi maalumu". Mradi wa watu watatu unaowasilishwa siku ya mwisho, kwa mfano kupima ugumu wa maji ya mabomba manne tofauti ya kampasi, unaijaza prepo na kuwafanya wanafunzi wa shule tofauti wazungumze. Prepo ya "kila mtu ajisomee" inageuka soga ndani ya robo saa. Uliza pia nani analala kwenye bloku. Mlinzi wa getini hatoshi. Awepo matroni kwa wasichana na patroni kwa wavulana, wanaolala ghorofa ileile, na bloku isiwe ya kuchanganyika na wanachuo. Kama ngazi ni moja kwa wote, hapo tungesita kumpeleka binti wa miaka 15, hata vipindi viwe vizuri namna gani.

Maji ya visima ya Dodoma ni magumu: sabuni haitoi povu kirahisi, na nguo nyeupe zinafifia. Mgao nao upo. Piga hesabu mwenyewe. Wanafunzi 60 wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, kuoga, kufua na choo, ni lita 2,400. Tangi la lita 5,000 linawatosha siku mbili tu. Kambi yenye tangi moja na isiyo na mpango wa boza itakuwa na vyoo vibaya siku ya tatu. Mpe mtoto ndoo yenye mfuniko ya lita 20, si beseni, na kidumu cha lita 5 cha maji ya kunywa yaliyochemshwa.

Wanaotoka Dar na Tanga hudhani Dodoma ni joto mwaka mzima. Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa alfajiri unapenya kwenye vioo vya madirisha ya hosteli. Blanketi zito, sweta, soksi, mafuta ya mgando kwa midomo inayopasuka, na shuka mbili za kitanda cha futi mbili na nusu. Deka nyingi, vile vitanda vya ghorofa, zina godoro jembamba, kwa hiyo blanketi la pili la kutandika chini si anasa. Kufuli liwe la kwako. Kwa mwenye pumu, vumbi la kiangazi linatosha kuleta shambulio, dawa ya kuvuta iwe mfukoni na si kwenye tranka. Kwa mwenye selimundu, baridi na kutokunywa maji ya kutosha huchochea maumivu makali. Matroni aambiwe kwa maandishi, mtoto aogee maji ya moto, na asiwekwe kitanda cha dirishani. Fomu ya kambi isiyouliza magonjwa ya mtoto ni sababu tosha ya kutafuta kambi nyingine.

Chakula ni kile cha bwenini: uji na andazi, wali maharage, ugali na mboga, makande. Kinachokera ni muda. Uji wa saa moja asubuhi na chakula cha mchana saa nane kwa mtoto aliyesimama maabara ni pengo refu mno. Karanga za kutafuna saa nne huliziba.

Ziara ndizo kambi za Dodoma zinaweza kuzifanya kuliko kwingine. Juni Bunge huwa kwenye mkutano wa bajeti, na barua ikipelekwa mapema wanafunzi wanakaa ukumbi wa wageni. Sare za shule zibebwe. Makumbusho ya miamba na madini ya Taasisi ya Jiolojia yapo mjini hapahapa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kinashughulika na zabibu, somo zuri la vikonyo na upandikizaji kwa wa baiolojia. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni safari ya kutwa nzima kwenda na kurudi. Usikubali iwekwe siku moja kabla ya mawasilisho ya miradi.

Pesa. Kipeperushi kikisema siku 14, kuingia Jumapili na kutoka Jumamosi ya wiki ya pili, toa siku ya kufika, ya kuondoka, Jumapili ya katikati na nusu siku za ufunguzi na ufungaji. Zinabaki siku 10 za kazi. Ada ya shilingi 280,000 inaonekana ni 20,000 kwa siku, kumbe ni 28,000. Kama kambi inajitambulisha kuwa ni ya chuo cha umma, malipo yapite kwenye namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, basi kambi ni yake na chuo kimekodisha vyumba tu. Huenda bado ni nzuri, lakini ujue utamdai nani.

Cheti cha ushiriki hakina uzito kwenye udahili wa chuo kikuu hapa. TCU, tume ya vyuo vikuu, inaangalia ufaulu. Na ada kubwa si kipimo cha ubora. Mojawapo ya programu ngumu zaidi kuingia huko Marekani, Research Science Institute inayofanyika kwenye chuo cha MIT, iliyoanza 1984, ni ya wiki sita na wanaochaguliwa hawalipi ada, ilhali nyingine za maelfu ya dola humpokea karibu kila anayemudu.

Jambo la mwisho ni siku ya kuondoka, ambayo waandaaji huisahau. Sherehe ya kufunga ikiwekwa Jumamosi asubuhi, mgeni rasmi huchelewa, vyeti vinagawiwa saa nane, na mtoto wa Singida anafika stendi ya Nanenane jioni, akashuka kwao usiku mnene. Sherehe iwe Ijumaa jioni. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu gari la kambi liwapeleke stendi, msimamizi akiwa na orodha ya tiketi, na asiondoke mpaka basi la mwisho lenye mtoto wa kambi limetoka.