GParted Live: uzoefu wangu na kompyuta zinazozima baada ya kubadilisha patisheni

GParted Live ni programu ya bure ya kugawa diski katika patisheni, yaani vipande kama C na D. Inakaa kwenye fleshi, na kompyuta huwashwa kutoka humo bila kuigusa Windows. Naitumia kwa laptopu za mtumba zinazouzwa kwa wingi hapa Mombasa, ambazo nyingi huja na C iliyojaa na D tupu. Kazi yake naiamini. Kompyuta ikianza kuzima ovyo baada ya hapo, watu huilaumu programu, lakini chanzo kwa kawaida ni kingine, na utakijua kwa kuangalia inazimia hatua gani.

Ikikwama kabla ya Windows kuanza na kuandika 0xc000000e au 0xc0000225, usiifomati. Faili kwa kawaida bado zipo. Kilichovurugika ni kumbukumbu za kuwashia (BCD), ambazo kwenye diski za MBR (mpangilio wa zamani wa diski) hutegemea hata mahali patisheni inapoanzia. Kwa kompyuta za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia), washa kwa fleshi ya kusakinisha Windows, bonyeza Shift+F10, andika diskpart, kisha list volume. Chagua ile patisheni ndogo ya FAT32 (ndiyo ya kuwashia) kwa select volume na namba yake, andika assign letter=S, toka kwa exit, halafu: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Ukiwa umewasha kwa fleshi hiyo, herufi za diski huweza kubadilika, kwa hivyo andika dir C: kwanza uhakikishe ndipo Windows ilipo.

Ikiwaka vizuri kisha ikaganda au kuleta skrini ya bluu, shuku mfumo wa faili, yaani namna faili zinavyopangwa ndani ya patisheni. Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, Windows haizimi kabisa, hujihifadhi nusu kwenye diski. GParted ikikuonyesha alama ya onyo kwenye patisheni hiyo, usiilazimishe. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha shutdown /s /t 0. Ukishamaliza kugawa, Windows yenyewe huanzisha chkdsk (ukaguzi wa mfumo wa faili) inapowaka. Wengi huiruka kwa haraka, na hapo ndipo wanapojiletea taabu. Iache imalize.

Sasa diski mbovu, ambayo ndiyo huwachanganya hata mafundi. Ukisogeza mwanzo wa patisheni, data yote husomwa na kuandikwa upya mahali pengine, pamoja na sehemu ambazo huenda hazijaguswa kwa miaka. Diski iliyokuwa ikijikongoja huangukia hapo. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, utazame mistari ya 05 (sekta mbovu zilizobadilishwa) na C5 (sekta zenye shaka): C5 ikizidi sifuri, nakili faili zako kwanza, mengine baadaye. Kwenye Event Viewer, orodha ya matukio ya Windows, namba 7 na 153 za disk zinaelekeza kwenye diski au nyaya zake, 55 ya Ntfs kwenye mfumo wa faili. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa, haisemi kwa nini, kwa hivyo usinunue pawa saplai kwa sababu yake. RAM pia ipimwe kwa Memtest86+ usiku kucha, maana data yote inayosogezwa hupitia humo.

Kupunguza patisheni kutoka mwisho wake mara nyingi ni kazi ya dakika. Kusogeza mwanzo kwenye diski ya kuzunguka yenye mamia ya GB ni saa kadhaa, na stima ikipotea katikati, patisheni hubaki nusu huku nusu kule. Betri za mtumba hazishiki chaji, hivyo bila UPS siigusi kazi hiyo. Msimu wa kaskazi naweka na feni, kwa sababu joto la chumba peke yake tayari linaielemea diski.

BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, nayo lazima iondolewe kabisa kutoka Windows kabla ya kuanza. Hakikisha kwa manage-bde -status, maana laptopu nyingi za Windows 11 huja tayari zimefungwa bila mwenyewe kujua.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu GParted hukagua mfumo wa faili lakini haikagui afya ya diski yenyewe kabla ya kuanza kusogeza.