Kanuni za bure za Dungeons & Dragons: anzia katikati

Nitangulize hukumu yangu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zinazopatikana bure kwenye intaneti zinatosha kuwachezesha watu wanne au watano kwa miezi, na hamtalazimika kununua chochote. Ila zimepangwa vibaya mno kwa mtu anayejifunza bila wa kumwelekeza. Ukianza ukurasa wa kwanza na kwenda nazo mfululizo, utaziacha njiani.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa mezani uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, ambaye wachezaji humwita DM (Dungeon Master). Yeye ndiye anayeeleza mko wapi, anayeigiza kila adui na kila muuza duka, na anayekata shauri mambo yakitatanisha. Waliobaki, kila mmoja anashika mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, kasisi. Msimulizi anaeleza hali, mchezaji anasema anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani dadu ndiyo inayoamua. Kisha msimulizi anaeleza kilichotokea na mnaendelea. Hakuna mshindi. Mdogo wangu lilimsumbua sana hilo mwanzoni, maana yeye hata karata huhesabu alama kwenye simu.

Nilichotumia ni toleo la tano, la mwaka 2014, kutoka Wizards of the Coast, kampuni inayouchapisha mchezo huu. Sehemu ya wachezaji ni PDF ya zaidi ya kurasa mia moja, na ipo sehemu ya msimulizi yenye viumbe wa kupigana nao na vitu vya kichawi. Sikuchapisha zote. Steshenari ya mtaani kwetu wanatoza kwa ukurasa, na kurasa nyingi za mwanzo hazina kazi siku mnapoanza.

Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo. Baada ya utangulizi, sura sita nzima zinahusu kutengeneza mhusika: jamii yake (binadamu, elfi, kibeti au halflingi, viumbe wa hadithi wanaofanana na watu), fani yake, malezi yake, silaha, bei za kamba na taa za mafuta. Unaambiwa uchague ustadi huu au ule kabla hujajua ustadi unatumika vipi. Ni kama kumfundisha mtu bao kwa kumwanzishia aina za mbao za kuchongea. Jinsi ya kucheza inakuja sura ya 7, na mapigano sura ya 9. Mimi niliruka moja kwa moja hadi sura ya 7, nikasoma ya 9, ndipo nikarudi kutengeneza wahusika, na ghafla kila nambari kwenye fomu ya mhusika ikawa na maana.

Sura hiyo ya 7 ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu. Ukishaielewa, nusu ya mchezo unayo. Mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kila sifa ina alama, na kila alama inazaa kirekebisho. Alama 10 inatoa sifuri, 16 inatoa +3, 8 inatoa -1. (Ukitaka hesabu: toa 10, gawa kwa mbili, shusha sehemu.) Mchezaji akijaribu jambo lenye mashaka, anarusha dadu ya pande ishirini, anajumlisha kirekebisho cha sifa inayohusika, na kama ana ustadi wa jambo hilo anaongeza +2 kwa daraja la kwanza (daraja ni kiwango cha uzoefu wa mhusika, na wote huanzia la kwanza). Msimulizi ameshajiwekea lengo kichwani: 10 kwa jambo jepesi, 15 la wastani, 20 gumu. Ukifikia lengo au kulipita, umefaulu.

Tuchukue mpiganaji mwenye nguvu 16 na ustadi wa kupanda, mbele yake ukuta wa lengo 15. Anaongeza +5, kwa hiyo anahitaji dadu ionyeshe 10 au zaidi. Pande 11 kati ya 20 zinampa ushindi, yaani asilimia 55. Nawaonyesha wageni hesabu hii kabla ya kuwapa fomu, kwa sababu kila upande wa dadu ile una thamani ya asilimia tano kamili na mtu anaweza kupima bahati yake bila kikokotoo.

Halafu kuna kanuni moja ninayoipenda kuliko zote. Hali ikikusaidia, unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Ikikukwamisha, unarusha mbili na kuchukua ndogo. Basi. Hakuna kujumlisha +1 ya mwanga, -2 ya mvua, +1 ya kusimama mahali pa juu. Yule mpiganaji wetu akishikiwa kamba na mwenzake aliye juu, asilimia 55 inapanda hadi karibu 80. Akipanda huku anamiminiwa maji, inashuka hadi kama 30. Mchezaji anaona dadu mbili mezani na anaelewa kilichobadilika bila kuelezwa. Kwa kanuni hii peke yake ningewapa nyota tano.

Lakini hizo alama za sifa zenyewe, mbona zipo? Ukishaandika +3, ile 16 karibu huigusi tena. Zamani wachezaji walirusha dadu tatu za kawaida kupata nambari kati ya 3 na 18, na desturi hiyo imebebwa tangu miaka ya sabini hadi leo. Kwa mgeni ni nambari ya ziada inayomchanganya. Binamu yangu alijumlisha 16 nzima kwenye dadu jioni yote ya kwanza, akawa anaruka paa za nyumba, na hakuna aliyeshtuka hadi alipotaka kuruka mto.

Mapigano ni sura ndefu, ila ukiitoa mapambo inabaki fupi. Kila mtu anarusha dadu kupanga nani atangulie. Zamu yako ikifika unasogea, na unafanya tendo moja. Ukishambulia, unarusha ile ile ya pande ishirini, unaongeza vyako, na lengo sasa ni kiwango cha kinga cha adui. Ukimpata, unarusha dadu ya silaha kuona umemtoa pointi ngapi za uhai. Dadu ikionyesha 20 tupu, umempata kwa vyovyote, na dadu za madhara unazirusha mara mbili.

Ambacho maandishi hayakuonyi vya kutosha ni jinsi daraja la kwanza lilivyo na mauti. Goblini wa kawaida, kiumbe mdogo mwovu, ana pointi 7 za uhai na kinga 15, na akikupiga kwa upanga wake anatoa dadu ya pande sita na kuongeza mbili. Mchawi wa daraja la kwanza anaanza na pointi 6 na kirekebisho chake cha ustahimilivu. Fanya hesabu: mapigo mawili ya goblini, mchawi wako yupo chini. Ukiwatoa goblini wanne kichakani dhidi ya kundi la watu wanne wasio na uzoefu, unaweza kuwamaliza wote kabla chai haijapoa. Nawashauri wasimulizi wapya waanze na wawili.

Kwa bahati nzuri, kufika sifuri si kufa hapo hapo. Kila zamu yako ikifika unarusha dadu bila kuongeza chochote: 10 au zaidi ni alama ya uzima, chini ya hapo ni alama ya kifo. Uzima mara tatu, hali yako inatulia. Kifo mara tatu, tengeneza mhusika mwingine. Ukipata 1 inahesabiwa vifo viwili, na ukipata 20 unaamka na pointi moja. Shemeji yangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa anachati huku akicheza, mpiganaji wake alipoanguka aliiweka simu kifudifudi na kusimama. Akarusha 9. Zamu iliyofuata, 14. Jirani mwenye kasisi akalazimika kumpita goblini ili kumfikia na kumtibu, na wakabishana kwa sauti kama inafaa. Kanuni hii ni mistari michache tu kwenye ukurasa. Mezani, hakuna iliyotusogeza kwenye ukingo wa viti zaidi yake.

Vipimo vyote ni vya futi, na mhusika wa kawaida husogea futi 30 kwa zamu, kama mita tisa hivi. Sisi tuliachana na futi tukatumia daftari la hesabu la viboksi: kila kiboksi ni futi tano, hivyo unaenda viboksi sita. Vifuniko vya soda ndio maadui. Kanuni zenyewe zinaruhusu kucheza bila ramani yoyote, kwa maelezo ya mdomo tu, lakini watu wakishakuwa wengi kwenye vita, mtaanza kugombana nani alikuwa nyuma ya mlango.

Dadu ndizo zilizonisumbua zaidi. Mchezo unataka za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na madukani nilikopita niliambulia zile za ludo tu. Programu za simu za kurusha dadu zipo na ni za bure, ila raha inapungua kila mtu anapoinamia kioo. Suluhisho letu likawa vipande vya karatasi vyenye nambari 1 hadi 20 ndani ya mfuko wa kitambaa. Unachomoa, unasoma, unarudisha, unatikisa. Usiporudisha, hesabu yote inaharibika. Kihesabu ni sawasawa kabisa na dadu, na mfuko una msisimko wake.

Sasa sura za uchawi. Hapa nawanyima nyota. Kuna neno moja, daraja, linalobeba mambo mawili: daraja la mhusika na daraja la muujiza, na hayaendi pamoja. Mchawi wa daraja la 3 ndiye anayeanza kutumia miujiza ya daraja la 2. Kisha kuna miujiza unayoijua, uliyoiandaa kwa siku hiyo, na nafasi za kuitumia, na hivyo ni vitu vitatu tofauti. Mchawi wa daraja la kwanza ana nafasi mbili tu. Akizimaliza anabakiwa na miujiza midogo isiyo na kikomo mpaka apumzike. Haya yote yapo kwenye kurasa, ila yametawanyika kati ya sura ya fani na sura ya 10, na maelezo ya muujiza mmoja mmoja yamepangwa kwa alfabeti, si kwa daraja. Ukimtafutia mchawi mchanga kitu cha kutumia, unafunua kurasa kwenda na kurudi. Kwa kundi la kwanza kabisa, wape wapiganaji wawili, mwizi na kasisi. Mchawi asubiri.

Mwizi, kwa upande mwingine, ndiye aliyetufunulia mchezo. Wenzake walikuwa wanachomoa mapanga, yeye akauliza kama anaruhusiwa kuwaambia goblini kwamba ametumwa na mkubwa wao. Hakuna ukurasa unaosema goblini wadanganywe vipi, lakini sura ya 7 ina kanuni ya mashindano: mwizi anarusha kwa mvuto wake, goblini anarusha kwa busara yake, mwenye kubwa ndiye mshindi. Wakilingana, hali inabaki kama ilivyokuwa. Wakamwamini. Wakampa hata mzigo abebe. Tangu hapo hakuna mtu mezani aliyeuliza tena "kwani naruhusiwa?" kwa mashaka.

Tahadhari moja kwa mwenye kutafuta sasa hivi: mwaka 2024 vitabu vilirekebishwa, na kanuni mpya za bure zipo pia. Misingi niliyoieleza ni ile ile, ila kuna mambo yamehamishwa. Kwa mfano, nyongeza za sifa zilizokuwa zikitoka kwenye jamii ya mhusika sasa zinatoka kwenye malezi yake. Chagueni toleo moja na wote mlifuate, vinginevyo fomu zenu hazitafanana.

Lugha ni Kiingereza, na si chepesi. Kwenye kundi letu ni wawili tunaosoma kanuni moja kwa moja, wengine wanazipata kwa mdomo, na kwa kweli hilo halijapunguza chochote mezani. Lakini kuna mlango uliofunguka. Januari 2023 kampuni iliiweka hati nyingine, SRD 5.1, yenye kanuni karibu zote za toleo hili, chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu yeyote kuinakili, kuitafsiri na hata kuiuza, mradi ataje chanzo. Si ile PDF ninayoipitia hapa, ila injini ni moja. Mdogo wangu ameshaanza kuiandika kwa Kiswahili, akianzia orodha ya hali zinazompata mhusika: kupofuka, kuingiwa na hofu, kunaswa, kuzimia, kwa sababu hizo ndizo tunazoulizana kila vita. Akimaliza anasema anaingia kwenye miujiza. Nimemtakia heri, na nimemwambia asinipigie simu usiku.