Mashine ya 6YL-95 ya kukamua alizeti: ni nzuri, ila usiinunue bila chujio

Kwa vijiji vya Singida na Dodoma vyenye umeme wa njia tatu, 6YL-95 ya Kichina ni mashine ya kutegemewa. Mota ya kilowati 7.5 inaiendesha bila taabu, na fundi wa kawaida wa karakana anaifungua akaielewa. Kilo kwa saa zilizoandikwa kwenye kibao chake usizichukue zote: alizeti ikikamuliwa na maganda yake ni nyepesi, hujaza hopa (bakuli la juu la kutilia mbegu) upesi, kwa hiyo piga hesabu za chini.

Gunia la kilo 65 la mbegu ya Record, likikauka vizuri, hutoa lita 16 hivi. Chotara kama Hysun 33 huzidi hapo. Unyevu ndio unaoamua. Mbegu mbichi hutoa mashudu mazito na laini yaliyobaki na mafuta ndani, na shafti (mhimili wa meno unaosukuma mbegu) huzunguka bila kusukuma. Zikikauka kupita kiasi, mashudu hutoka unga na mashine hutoa moshi.

Asubuhi usianze na alizeti. Legeza mkono wa kubania, pitisha mashudu makavu kidogo kidogo mpaka chuma kipate moto, kisha tia mbegu huku ukikaza taratibu hadi mashudu yatoke membamba, kama milimita 1 au 2. Jioni pitisha mashudu tena, ulegeze, ndipo uzime. Ukizima ikiwa na mbegu ndani, hukauka na kushika shafti. Kesho yake utaunguza mota au utakata mkanda.

Adui mkubwa ni kokoto na misumari. Chekecha kila gunia na uweke sumaku mdomoni mwa hopa, kwani meno ya shafti na vyuma vya kizimba kinachoizunguka ndivyo vinavyolika kwanza. Mafuta yakianza kupungua kwa mbegu ileile, kague hapo.

Udhaifu wake halisi ni ugido, yaani mashapo ya mafuta. Mafuta hutoka na tope. Yanahitaji kutuama siku nzima au mbili kwenye tangi, kisha yachujwe kwa chujio la vitambaa. Yakiuzwa na tope lake, tena kwenye chupa zinazoanikwa juani kando ya barabara, huchacha mapema, na inauma kuona alizeti nzuri ikiharibiwa hivyo. Bei unayotajiwa mara nyingi ni ya mashine tupu. Ulizia chujio, na shafti ya akiba, kabla ya kulipa.