PIN ya hatua mbili ya WhatsApp: inayalinda kiasi gani magrupu ya msikiti?

Kwa katibu wa msikiti au ustadh wa madrasa anayeendesha grupu la waumini, PIN hii, yaani namba ya siri ya ziada unayojiwekea mwenyewe kwenye WhatsApp, ni kinga ya bure na haichukui hata dakika tano kuiweka. Tunaipa alama 4 kati ya 5. Moja tumeikata kwa sababu ina upenyo, na matapeli wanaujua.

Wizi wenyewe huanza kwa adabu: "Assalaam alaykum ustadh, kuna namba sita zimeingia kwako kimakosa, naomba unirushie." Hizo ndizo namba ambazo WhatsApp hutuma kwa SMS mtu anapoifungua akaunti yako kwenye simu yake. Ukizirusha, akaunti imekwenda. Punde grupu zima linaombwa mchango wa sanda au futari kwa jina na picha yako, na mwisho wa ujumbe kuna maneno yale yale: "jina litakuja la mhasibu".

PIN inamkwamisha mwizi hapo hapo, kwa sababu bila hiyo zile namba za SMS peke yake hazimtoshi. Ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, kisha Washa. Weka tarakimu 6, ila si tarehe ya kuzaliwa wala 123456. Usiruke sehemu ya barua pepe: bila hiyo, ukisahau PIN utasubiri siku 7. Mzee asiye na barua pepe aweke ya mwanawe anayemwamini.

Upenyo uko kwenye vifaa. PIN haiulizwi mtu anapounganisha kifaa kingine. Akikushawishi uskani msimbo wa QR "wa kujiandikisha Umra", au uandike msimbo wa herufi na tarakimu 8, atasoma na kutuma ujumbe kutoka kwenye kompyuta yake huku simu yako ikifanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana hutagundua upesi. Kila Ijumaa fungua Vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua, kiondoe.

Aliyeibiwa akaunti kabla ya kuweka PIN asikate tamaa. Ajisajili upya kwa laini yake. Huenda akaulizwa PIN asiyoijua, iliyowekwa na mwizi, na wengi huishia hapo wakidhani wameshindwa. Kumbe ile SMS ya namba 6 ikishaingizwa, mwizi ametolewa tayari. Kilichobaki ni kusubiri zile siku 7. Wakati huo tangazo lipite kwenye kipaza sauti baada ya swala, na aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayoamrisha kuichunguza habari, isomwe pamoja nalo.

Pesa hailindwi na PIN hii hata kidogo. Michango yote ipite kwenye Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la msikiti na kubandikwa ukutani, na mtoaji asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Jina likiwa la mtu binafsi, asitishe na ampigie katibu kwa simu ya kawaida. Kwa Tanzania, ujumbe wa tapeli unatumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.